Shangazi wa Kazini: Bosi hajijui, timu inamjua

Kwa kawaida wanaoniandikia ni wanaoongozwa, tena kwa hasira. Mwezi huu kibao kimegeuka. Karibu barua zote zimetoka kwa walio juu kidogo: wasimamizi wa zamu, wakuu wa vitengo, mameneja ambao kiti bado hakijawazoea. Wanauliza namna ya kuongoza watu wakati kazi zenyewe zinabadilika kila kukicha. Nimewapa ukurasa mzima. Majina nimeyaondoa na barua ndefu nimezipunguza.

"Mlango wangu uko wazi, hakuna anayeingia"

*Shikamoo Shangazi. Nimepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa kitengo cha huduma kwa wateja. Siku ya kwanza tu niliwaambia vijana wangu mlango wangu uko wazi. Najitahidi sana kujitambua: nasoma, kila jioni naandika daftari la tafakari, najiuliza kwa nini nilikasirika, kwa nini nilinyamaza. Lakini kwenye kikao nikiuliza "kuna swali?" wote wanaangalia meza. Wawili wameshaacha kazi. Mmoja wao, alipohojiwa na watu wa rasilimali watu siku ya kuondoka, alisema mimi sisikilizi. Mimi! Nijitambue vipi zaidi ya hapa? — Mkuu Mpya*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hilo "Mimi!" lako. Umepewa habari ambayo wakuu wengi hustaafu bila kuipata, nawe umeipokea kama tusi.

Daftari lako usiliache. Ila kumbuka linaandikwa na wewe na linasomwa na wewe. Mshtakiwa ndiye hakimu. Wahenga hawakumung'unya maneno: nyani haoni kundule. Ila anayetembea nyuma ya nyani analiona vizuri, tena kutwa nzima. Mimi sijui vijana wako wanaona nini kwako. Wao wanajua. Wanajua ukiwa na haraka unafanyaje, ni nani unamkata kauli na nani unamwacha amalize, na ni swali gani likiulizwa uso wako unabadilika.

Mtafiti mmoja wa Marekani, Tasha Eurich, amelifanyia kazi jambo hili kwa miaka. Aligundua kuwa takribani watu 95 kati ya 100 wanaamini wanajijua, lakini wanaojijua kweli kwa vipimo vyake ni kati ya 10 na 15 tu. Anatenganisha mambo mawili. Kuna kujijua kwa ndani: unachothamini, kinachokuudhi, kinachokupa raha. Na kuna kujijua kwa nje: wengine wanakuonaje. Moja halileti lingine. Mtu anaweza kukesha na daftari lake miaka kumi, na watu wa ofisini kwake wakaendelea kumkwepa kwenye ngazi. Barua yako nimeisoma yote. Ya ndani umeyaandika vizuri. Ya nje kuna mstari mmoja tu, nao umetoka kwa mtu ambaye hana tena cha kupoteza.

Eurich ana jambo jingine linalokuhusu. Anayejiuliza "kwa nini niko hivi" mara nyingi huishia kujitungia sababu, tena zenye kumtetea au za kumhuzunisha bure. Afadhali ujiulize "nilifanya nini pale, na wiki ijayo nifanye nini tofauti". Jaribu kuandika daftari kwa namna hiyo mwezi mmoja.

Sasa cheo. Usidhani umebaki mtu yuleyule kwa sababu tu bado unakaa na vijana wako wakati wa mapumziko. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Adam Galinsky na wenzake walichapisha jaribio ambalo napenda kulisimulia kwa wakubwa. Waliwaomba watu wajiandikie herufi E kwenye paji la uso, wenyewe, kwa kalamu ya wino. Kabla ya hapo baadhi walikuwa wameombwa kukumbuka wakati walipokuwa na mamlaka juu ya mwingine, na baadhi wakakumbuka wakati wao ndio waliokuwa chini ya mamlaka ya mtu. Wale wa kwanza waliiandika E ikiwa sawa kwao wenyewe na kinyume kwa anayewatazama karibu mara tatu zaidi ya wale wa pili. Fikiria: kukumbuka tu mamlaka, dakika chache, kulitosha kuwasahaulisha kwamba kuna mtu mbele yao anayesoma. Wewe unayo mamlaka yenyewe, ya kila siku, na saini ya likizo juu yake.

Ndiyo maana mlango wazi hautoshi. Anayepita mlangoni ndiye anayebeba hatari yote. Anaacha meza yake, wenzake wanamwona, anaingia kwa mtu anayemwandikia tathmini. Wewe kwenye kiti chako hujapoteza kitu.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa muda mrefu na nimekaa kwenye vikao vingi kama mwandishi wa kumbukumbu, yule mtu asiyeangaliwa. Kimoja sikisahau. Kijana wa hesabu alisema kwa sauti ya chini kwamba takwimu walizompelekea mteja zilikuwa na kosa. Mkurugenzi hakupiga kelele, wala hakugonga meza. Aliweka kalamu chini, akaitazama skrini, akauliza: "Nani alizipitia?" Basi. Wakafuata watu watatu ambao niliona karatasi zao zimejaa maandishi, na kila mmoja alisema kwao hakuna jipya. Kikao kiliisha mapema na mkurugenzi akatusifu kwa kutunza muda. Ukimuuliza leo atakuapia kwamba yeye ni mtu wa kusikiliza.

Sekunde zile tano baada ya habari mbaya ndizo timu inazozisoma. Swali la "nani" lingeweza kusubiri mpaka mchana. Angeanza na "Afadhali tumeliona leo, mteja ameshazitumia?" wale watatu wangefungua midomo.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alikutana na kitu hiki akiwa hakitafuti. Alikuwa akichunguza timu za hospitali na makosa ya kuwapa wagonjwa dawa, akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu zilizoongozwa vizuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hazikuwa zinakosea zaidi. Zilikuwa zinasema. Kwenye timu nyingine makosa yalifichwa. Baadaye, mwaka 1999, akachapisha utafiti wa timu 51 za kampuni moja ya viwanda, na tangu hapo wataalamu wanazungumzia zaidi usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba hakuna atakayeadhibiwa wala kudhalilishwa kwa kuuliza, kukiri au kupinga. Kwa hiyo ukimya wa kikao chako si amani. Ni rekodi safi ya hospitali ileile.

Ufanye nini? Acha kuuliza "kuna swali?" Swali hilo jibu lake ni hapana, lilizaliwa hivyo. Muulize mtu mmoja mmoja, wakati tofauti, jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa "sawa tu": "Wiki hii ni kitu gani nilichofanya kilichokuongezea kazi bure?" Uliza, kisha funga mdomo. Ukimya utakuwa mrefu na utakuuma, usiujaze. Atakachosema cha kwanza kitakuwa kidogo, pengine kuhusu barua pepe zako za usiku. Hicho kidogo ni mtihani. Ukikitetea ("unajua nilikuwa na presha ya juu"), umefeli, na cha pili hutakisikia. Andika, shukuru, na kabla ya Ijumaa badilisha kitu kimoja ambacho yeye ataona kwa macho yake. Kwenye kikao zungumza mwisho. Na yule aliyesema husikilizi, kama mliachana kwa heri, mpigie. Usimwombe afute kauli. Mwombe akupe mifano miwili, na usimjibu siku hiyohiyo.

"Nabeba ya kila mtu"

*Shangazi, nasimamia wauguzi wa zamu. Wananiita mama huruma. Mmoja anaachana na mumewe, mwingine kafiwa, mwingine mtoto wake anaumwa, na wote wananililia mimi. Nalia nao. Nikifika nyumbani sina neno la kumwambia mtu. Siku hizi simu ya kazini ikiita nakunja uso kabla sijajua ni nani. Nimeanza kuwachukia watu ninaowapenda. Huruma yangu imeisha? — Mama Huruma*

Haijaisha, dada. Pole sana. Ninavyosoma barua yako, umekuwa ukifanya kazi nyingine ukidhani ndiyo huruma.

Tania Singer na Olga Klimecki, watafiti wa ubongo, walifanya jambo ambalo nadhani kila msimamizi wa wauguzi angepaswa kulisikia wiki yake ya kwanza. Waliwaonyesha watu video za wengine wakiteseka. Kwanza waliwafundisha kuhisi maumivu ya yule wanayemwona, kuyavaa kabisa. Hisia za uchungu zikapanda. Kisha watu walewale wakafundishwa kumwonea huruma, kumtakia nafuu na kuwa upande wake bila kuyavaa maumivu yenyewe. Hisia njema zikarudi, na hata sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa tofauti na zile za mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kwa hiyo hilo linalokuchosha, kuyavaa maumivu ya wengine, lina mpaka wake, na la pili, huruma yenyewe, linaweza kufundishwa. Hukuzaliwa na kisima kidogo.

Kwa vitendo sasa. Muuguzi anapokuja na machozi, muulize mapema: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Wengi watasema wanataka kusikilizwa tu, nawe utakuwa umetua mzigo wa kutafuta dawa ya ndoa isiyo yako. Wakitaka la kufanya, chukua karatasi ya zamu. Aliyefiwa asipangwe usiku wiki mbili hizi, na asipangwe kwenye wodi anayoona alichotoka kukiona nyumbani. Mwenye mtoto mgonjwa apate zamu ya kuanza baadaye, na wote wajue kwamba kila mmoja siku yake ikifika atapata vilevile. Anayeachana na mume, mpe namba ya mshauri nasaha, umwombe ruhusa ya kumuulizia tena baada ya siku kadhaa, na umuulizie kweli. Huruma ya msimamizi ninaitafuta kwenye ratiba. Kama ratiba haikubadilika hata mstari mmoja, basi watu wamelia wawili na kazi imebaki ilivyokuwa.

Upande wako sasa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo kimawazo, na kuona huna tena ufanisi. Mbili umeniandikia kwa mkono wako. Ona waliiweka wapi: kazini. Hawakusema ni udhaifu wa moyo. Kwa hiyo suluhu yake haiwezi kuwa wewe kwenda kulala mapema tu. Nenda kwa mkubwa wako na orodha ya zamu zenu za miezi mitatu, zamu ngapi zilikosa mtu, ngapi umezijazia wewe mwenyewe. Usiende na machozi. Najua inauma kukuambia hivyo, lakini wakubwa wengi huyapangusa machozi na kuyasahau. Karatasi yenye nambari hubaki mezani.

Na hilo jina, mama huruma, wakilitumia tena wakati wa kuomba ubadilishe zamu saa sita usiku, cheka nao halafu kataa.

"Programu inayosoma nyuso"

*Shangazi, timu yangu nzima inafanya kazi kutoka nyumbani. Kuna kampuni inatuuzia programu ya akili mnemba inayosoma nyuso kwenye mikutano ya video na kuniambia nani ana msongo, nani amekata tamaa. Naona itanifanya kiongozi mwenye huruma zaidi, nitajua kabla hawajaniambia. Unasemaje? — Meneja wa Mbali*

Usinunue.

Kwanza, haifanyi inachodai. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett mwaka 2019 yalionyesha kwamba uso haumsemei mtu kwa uhakika namna hiyo: mtu hukunja uso akiwa na hasira, akiwa anafikiri, au akiwa na jua dirishani. Mwaka 2022 Microsoft walitangaza kwamba wanaiondoa kazi ya kukisia hisia kwenye huduma yao ya kutambua nyuso. Na Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya akili mnemba, tangu tarehe 2 Februari 2025 umepiga marufuku kabisa mifumo ya kukisia hisia za mtu mahali pa kazi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Unataka kununua kitu ambacho kwingine kimewekwa kwenye fungu la yasiyoruhusiwa.

Pili, na hili lingebaki hata programu ingekuwa sahihi kabisa. Unasema utajua kabla hawajakuambia. Na wao wakijua kwamba unajua? Wataanza kuivalia kamera uso wa ofisini, na baada ya muda utakuwa unaongoza tabasamu kumi na tano. Mtu anapokuambia mwenyewe "siku hizi silali", amekupa kitu kwa hiari yake. Ukikichukua mfukoni mwake bila kuombwa, hata kwa nia njema, umemwibia.

Akili mnemba sikukatazi. Iache iandike muhtasari wa mikutano, ipange ratiba, itafute makosa kwenye jedwali. Kisha saa zile zilizookolewa, wape watu. Mpigie kila mmoja simu, bila kamera, mkiwa hamna ajenda ya kazi. Watu huzungumza zaidi wakiwa wanatembea au wanakunja nguo kuliko wakiwa wanajitazama kwenye skrini. Ombi moja tu: mtu akifiwa, salamu za rambirambi andika wewe. Hata ziwe mbovu. Nimeonyeshwa na msomaji moja iliyotungwa na mashine, imenyooka kama notisi ya benki, na aliyeipokea hajamsamehe bosi wake mpaka leo.

"Huruma itaua nidhamu"

*Shangazi, haya mambo ya huruma kazini naona ni maneno ya watu wa ofisini. Mimi nasimamia ghala. Kuna kijana anachelewa, na nikimwonea huruma wote watachelewa. Lori halina huruma. — Msimamizi wa Ghala*

Kaka, nusu ya barua yako nakubaliana nayo. Bosi mpole anayekwepa kusema ukweli ananichosha kuliko mkali. Anamwona kijana anaharibikiwa, anatabasamu, anamwandikia "anaendelea vizuri" kwenye tathmini, halafu mwaka wa pili anamfukuza. Huo ni uoga uliovaa nguo za huruma. Edmondson yule niliyemtaja juu huliweka wazi: usalama wa kusema ni jambo moja na kiwango cha kazi ni jingine, na timu inahitaji vyote viwili viwe juu. Ukishusha kiwango ili watu wajisikie vizuri, umepata starehe tu.

Tunapoachana ni hapa: umeshaamua kijana anachelewa kwa nini, wala hujamuuliza. Monica Worline na Jane Dutton, waliochunguza huruma mahali pa kazi, wanasema ina hatua nne: kuona kwamba mtu yuko kwenye shida, kuitafsiri hali yake, kuguswa, na kutenda. Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Ukishatafsiri "huyu mvivu", mlango wa kuguswa umefungwa na hatua ya nne inakuwa adhabu. Tafsiri yako inaweza kuwa sahihi, sikatai. Lakini ni tafsiri ya mtu asiyeuliza.

Mwite pembeni, mbali na wenzake. Mwambie ulichokiona, si unachokifikiria: "Wiki hii umechelewa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Lori la asubuhi limesubiri mara mbili, na wenzako wawili wamepakia sehemu yako. Kuna nini?" Kisha subiri. Usimwongezee "au umechoka kazi?" Hiyo ni kumpa jibu la kujitetea nalo. Pengine atakuambia ana mzazi mgonjwa anayepaswa kumhudumia alfajiri, nawe una zamu ya mchana inayohitaji mtu. Pengine atakuambia usingizi. Basi mwambie bila kupandisha sauti lini mtakutana tena, nini unatarajia kuona, na nini kitafuata asipobadilika. Asipobadilika, fuata utaratibu mpaka mwisho.

Hata kumwachisha mtu kazi kuna namna. Desemba 2021 mkuu wa kampuni ya mikopo ya nyumba ya Better.com, Marekani, aliwaachisha kazi watu wapatao 900 kwa mkutano mmoja wa Zoom wa dakika chache, na baadaye akaomba radhi. Hesabu za kampuni pengine zililazimu kupunguza watu. Hakuna hesabu iliyolazimu vile. Mtu wako aambiwe jambo hilo na wewe, ana kwa ana, kwa sababu alizokwisha kuzisikia kabla, na apewe nafasi ya kuwaaga wenzake. Hao waliobaki ndio watakaopakia lori kesho yake, na wanakutazama unavyomtoa mwenzao.

Kuhusu wote kuchelewa: watachelewa kama yeye atachelewa na usifanye kitu. Wakiona umemuuliza, umembadilishia zamu na sasa anawahi, sanasana watakuja nao kukuomba zamu. Hilo ni tatizo zuri, liandikie sheria inayojulikana na wote.

"Nisome kozi gani?"

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, sijawahi kuongoza mtu. Wanasema akili mnemba itachukua kazi, watakaobaki ni viongozi wanaojua watu. Nisome kozi gani? — Kijana wa Kesho*

Marahaba. Wanaosema hivyo wanakuza mambo, ila hawajakosea kabisa. Ripoti ya mwaka 2025 ya Jukwaa la Uchumi Duniani kuhusu kazi za baadaye inakadiria kwamba ifikapo 2030 kazi milioni 92 zitaondoka na milioni 170 mpya zitazaliwa, na kwamba asilimia 39 ya ujuzi wanaoutegemea wafanyakazi leo utabadilika. Uongozi na uwezo wa kuwavuta watu umo kwenye ujuzi ambao waajiri waliohojiwa wanauweka mbele, pamoja na uchambuzi na ustahimilivu. Lakini huo haukai kwenye cheti.

Tafuta kazi ndogo ya kikundi ambayo hakuna aliyelazimika kukutii: kamati ya kujitolea, mradi wa wenzako, timu ya mchezo. Iongoze mpaka iishe, maana kuanza kila mtu anajua. Ikiisha, muulize kila mmoja peke yake kilichomkera kufanya kazi na wewe. Andika kwa maneno yake, usiyapambe, kisha nenda kaongoze nyingine na uangalie kama malalamiko ni yaleyale. Kozi ya bure ukiipata, soma. Ya kulipia, subiri mwajiri akulipie.